Wewe, Ninyi na Jina la Baba: Historia ya Adabu ya Usemi katika Kiingereza na Kirusi

Utangulizi

Msomaji wa fasihi katika vyuo vyetu huifikia Urusi kwa kupitia mlango wa Kiingereza. Gogol, Tolstoy, Dostoevsky na Chekhov huwasoma katika tafsiri za Kiingereza, na hata anapowajadili kwa Kiswahili, hukumu anazozitoa juu ya wahusika wao huwa zimekwisha kuchujwa na lugha hiyo ya kati. Aghalabu hukumu hizo huhusu adabu. Mhusika huyu huonekana mkali bila sababu, yule hujidhalilisha kupita kiasi, na wapenzi huzungumza kama watu baki, kisha ghafla wakawa wamekaribiana bila msomaji kutambua umbali huo uliondoka lini. Nje ya vitabu nako, imezoeleka kusemwa kwamba Warusi ni wakavu wa maneno, na kwamba Waingereza wana adabu nyingi isiyo na moyo.

Makala haya yanadhamiria kuonyesha mambo mawili. Kwanza, tofauti za adabu baina ya wasemaji wa lugha hizi mbili hazikuzaliwa na silika ya watu. Zilijengwa na historia ya taasisi, yaani makao ya wafalme, jeshi, utumishi wa serikali, dini na machimbo. Pili, mhakiki asiyeijua historia hiyo hakosei katika mapambo tu, bali katika kiini cha kazi anayoihakiki.

Dhana ya adabu na uso

Mjadala wa kisasa kuhusu suala hili una nguzo mbili. Brown na Gilman (1960) walichunguza viwakilishi vya nafsi ya pili katika lugha za Ulaya, wakaonyesha kwamba uteuzi kati ya kiwakilishi cha umoja na kile cha wingi anaposemeshwa mtu mmoja huongozwa na mihimili miwili: mamlaka na mshikamano. Mwenye mamlaka hutoa umoja akapokea wingi. Walio sawa hupeana kiwakilishi kimoja, kiwe cha ukaribu au cha umbali. Brown na Levinson (1978, 1987) nao walijenga nadharia pana zaidi juu ya dhana ya uso, ambayo asili yake ni kazi za Goffman. Kwa mujibu wao, kila msemaji ana uso wa namna mbili: haja ya kupendwa na kukubaliwa, na haja ya kuachwa huru asiingiliwe. Dhana hii si ngeni kwetu, kwani Waswahili husema kuwa uso umeumbwa na haya.

Hata hivyo, nadharia hii haikupokewa bila pingamizi. Wierzbicka (1985, 1991), aliyeanza kwa kulinganisha Kipolandi na Kiingereza, alidai kuwa mambo mengi yaliyotangazwa kuwa ya walimwengu wote ni desturi za Waingereza zilizovishwa joho la sayansi. Kumwachia mtu nafasi, kuomba kwa kuuliza, kuogopa kuamuru: hayo ni matunda ya utamaduni mmoja. Kwa maoni yetu pingamizi hili lina uzito, ila lina hatari yake pia. Tukisema tu kwamba Waingereza wanathamini uhuru wa mtu na Waslavu wanathamini uchangamfu, tutakuwa tumeondoa kosa la kuwafanya watu wote kuwa Waingereza, tukaingiza kosa la kulifanya kila taifa kuwa na roho moja isiyobadilika. Tiba ya makosa yote mawili ni historia.

Kiingereza: kupotea kwa "thou"

Kiingereza cha kale kilikuwa na nafsi ya pili umoja na nafsi ya pili wingi kama ilivyo katika Kiswahili, na tofauti yao ilikuwa ya idadi tu. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala, na pamoja nacho ikaingia polepole desturi ya kumsemesha mkubwa mmoja kwa wingi. Kufikia karne ya 14 desturi hiyo ilikuwa imeenea katika maandishi ya kiungwana. "You" ilikuwa ya kupandia, "thou" ya kushukia. Na baina ya marafiki au wapenzi "thou" ilikuwa ya ukaribu.

Nguvu ya kiwakilishi hiki inaonekana wazi katika kesi ya Sir Walter Raleigh mwaka 1603. Mwendesha mashtaka, Edward Coke, alimrushia mshtakiwa "thou" makusudi mbele ya mahakama, akakigeuza kiwakilishi chenyewe kuwa kitenzi cha kutusi. Shakespeare, aliyeandika katika miaka hiyohiyo, anaitumia silaha hii kwa ustadi. Katika King Lear, Kent anapoona mfalme anaigawa nchi kwa upofu, anaiacha "you" ya mtumishi na kumsemesha mfalme kwa "thou". Hapo ndipo uasi wa uaminifu wake unapozaliwa, kabla hata hoja yake haijakamilika. Mwanafunzi wetu hupitwa na tukio hili kwa sababu ya pekee: ameizoea "thou" kutoka Biblia ya Kiingereza ya 1611 na katika sala, kwa hiyo huisikia kama neno la utukufu. Analosikia ni kinyume kabisa cha lile walilosikia watazamaji wa mwanzo.

Katika karne ya 17 Waquaker waliligeuza suala hili kuwa la imani. George Fox na wenzake, waliotoa kitabu kizima kuhusu umoja na wingi mwaka 1660, walishikilia kwamba mtu mmoja asemeshwe kama mmoja, awe mfalme au mchunga kondoo, kwani wingi wa heshima ni uongo unaolisha kiburi. Kwa msimamo huo, pamoja na kukataa kuvua kofia mbele ya wakubwa, walipigwa na kufungwa. Mwisho wake una kinaya. Usawa ulikuja, lakini kwa njia iliyo kinyume na yao: badala ya kila mtu kushushwa hadi "thou", kila mtu alipandishwa hadi "you". Katika karne ya 18 "thou" ilikuwa imetoweka katika Kiingereza sanifu, ikabaki katika ibada, ushairi na baadhi ya lahaja.

Je, kupotea huko kuliwaletea wasemaji wa Kiingereza usawa? La hasha. Mzigo uliokuwa ukibebwa na kiwakilishi ulihamia kwenye majina, vyeo na muundo wa sentensi. Bwana wa nyumba alimwita mtumishi kwa jina tupu, mtumishi akajibu kwa cheo. Hapa kwetu historia hiyo haihitaji ushahidi wa mbali: katika Kenya ya kikoloni walowezi walimsemesha kila mtu kwa "you" moja, na bado mpishi mwenye wajukuu aliitwa "boy" huku mwajiri akidai kuitwa "bwana" na mkewe "memsahib". Lugha isiyo na kiwakilishi cha kudharau haikosi njia ya kudharau.

Urusi: ngazi kumi na nne na jina la baba

Urusi ilianza mahali palepale, ikafuata njia nyingine. Katika Kirusi cha zamani "ty", yaani wewe, ilimfaa kila mtu, hata mtawala. Unyenyekevu haukuwa katika kiwakilishi bali katika jina: mwombaji aliyemwandikia mfalme alijiita mtumwa wake na kulikata jina lake likawa la kitoto, Ivan akawa Ivashko. Peter wa Kwanza aliyapiga marufuku majina hayo ya kujidunisha kwa amri ya mwishoni mwa 1701. Neno "mtumwa" lenyewe lilidumu katika maombi rasmi hadi Catherine wa Pili alipolibadilisha kuwa "raia mwaminifu" mwaka 1786. Na katika mwaka huohuo mamilioni ya wakulima walikuwa bado mali ya mabwana wao, kwani utumwa wa mashambani haukufutwa hadi 1861.

"Vy", yaani ninyi ya heshima, iliimarika katika karne ya 18 kwa mfano wa Ulaya Magharibi, sambamba na mageuzi ya Peter. Mwaka 1717 kilichapishwa huko St. Petersburg kitabu cha adabu kwa vijana wa kiungwana, nacho kiliwafunza namna ya kukaa mezani, kusema na wazazi, na hata kuzungumza lugha za kigeni baina yao ili watumishi wasiwaelewe. Mwaka 1722 likaja Jedwali la Vyeo, lililowapanga watumishi wa jeshi, wa serikali na wa makao ya mfalme katika ngazi 14, na kila kundi la ngazi likapewa maneno yake ya kusemeshwa, kuanzia kwa mwenye uungwana hadi kwa mtukufu. Kukosea cheo cha mtu hakukuwa kuteleza ulimi. Kulikuwa kosa la kiutumishi.

Pamoja na vyeo kulikuwa na jina la baba. Mrusi mzima huheshimiwa kwa kuitwa jina lake likifuatwa na la babaye: Ivan Petrovich, Anna Arkadyevna. Leo ni adabu ya kawaida kwa mwalimu, daktari au mzee, ila zamani kiambishi "-vich" kilikuwa fadhila iliyotolewa na mtawala, na katika karne ya 18 haki ya kuandikwa nacho katika nyaraka iliambatana na cheo. Msomaji wa pwani yetu, aliyezoea kusikia bin na binti, hatashangazwa na mfumo huu. Na bara vilevile, mama huitwa kwa jina la mtoto wake. Mfasiri wa Kiingereza ndiye anayetaabika. Akiliacha jina la baba, heshima imepotea. Akilihifadhi, msomaji wake analiona kuwa urefu wa bure.

Kiwakilishi kama haki

Jambo ambalo fasihi ya pragmatiki halijalitilia mkazo wa kutosha ni kwamba katika Urusi kiwakilishi kilidaiwa hadharani kama mshahara unavyodaiwa. Mwaka 1912 wachimbaji wa dhahabu wa Lena, huko Siberia, waligoma. Miongoni mwa madai yao yalikuwa siku ya kazi ya saa nane, nyongeza ya ujira ya asilimia 30 na kufutwa kwa faini. Katika orodha hiyohiyo walidai kwamba wasimamizi wawasemeshe kwa "vy". Mwezi wa Aprili askari wakawafyatulia risasi, na waliouawa walikuwa wengi. Asomaye madai hayo katika Kiingereza anaambiwa tu kwamba wafanyakazi walitaka kutendewa kwa upole. Hapana; walidai neno moja, lenye silabi moja, walilonyimwa kila siku ya kazi.

Jeshini hali ilikuwa vivyo hivyo. Afisa alimwita askari "ty", askari akamjibu kwa cheo chake cha utukufu. Baada ya mapinduzi ya Februari, baraza la wafanyakazi na askari la Petrograd lilitoa Amri Namba 1, tarehe 1 Machi 1917 kwa kalenda ya zamani. Amri hiyo ilifuta vyeo vya utukufu katika kusemeshana, ikakataza askari wasitendewe kwa ukali, na ikataja kwa jina kosa la kuwaita "ty". Mwezi wa Novemba mwaka huohuo serikali ya Wabolsheviki ikafuta matabaka na vyeo vya kiraia, na jengo lililoanza 1722 likaanguka.

Mahali pa vyeo palichukuliwa na "tovarishch", neno lililomfaa mwanamume na mwanamke sawasawa, kama "ndugu" ilivyotumika Tanzania baada ya Azimio la Arusha la 1967. Hata hivyo, mazoea hayafutwi kwa amri. Wakubwa wengi wa chama na wa viwanda waliendelea kutoa "ty" na kupokea "vy", na ukaribu wa kindugu ukawa kificho cha mamlaka. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, "tovarishch" ilipoteza nafasi yake ya jumla, na "gospodin" ya zamani haikurudi kikamilifu. Hivyo Mrusi anapomwita mpita njia asiyemfahamu, mara nyingi husema tu "mwanamke" au "msichana". Mgeni husikia ufidhuli. Kwa kweli anasikia pengo lililoachwa na mapinduzi mawili.

Adabu ya kuomba

Tofauti inayotajwa zaidi katika mazungumzo ya kila siku ni ya maombi. Msemaji wa Kiingereza akitaka chumvi huuliza kama mwenzake anaweza kumpa, au kama atakereka akimpa. Mrusi husema "nipe chumvi", akaongeza neno la tafadhali. Ukipima Kirusi kwa kipimo cha Kiingereza, hiyo ni amri. Lakini kipimo hicho hakioni mahali Kirusi kilipoiweka adabu yake. Kwanza, kitenzi chenyewe kimekwisha kubeba umbo la wingi wa heshima, kwa hiyo uso wa msemeshwa umelindwa kabla ya ombi kutamkwa. Pili, kuna dhamira ya kitenzi: mwenyeji amkaribishaye mgeni kwa "sadites" hutumia umbo lisilo timilifu, ambalo hualika, ilhali umbo timilifu "syadte" laweza kusikika kama agizo la mkubwa au la daktari. Tatu, kuna udogishaji: chai huwa kijichai, dakika huwa kijidakika, na ombi hupungua uzito. Nne, Kirusi nacho huuliza, ila hupendelea kuuliza kwa kukanusha, kana kwamba msemaji ametangulia kukubali kunyimwa.

Kiswahili kinatusaidia kulielewa jambo hili. Atakayesema "naomba unipe maji" ametumia hali ya tegemezi na kitenzi cha kuomba, wala hakuhitaji kuuliza kama mwenzake ana uwezo wa kuinua bilauri. Mwingereza akidai kwamba ombi lisilo swali si la adabu, atakuwa ametutia na sisi hatiani.

Kosa hutokea hasa Mrusi anapohamisha neno lake katika Kiingereza. Thomas (1983), katika makala yake mashuhuri kuhusu kushindwa kwa mawasiliano baina ya tamaduni, aliutaja mfano wa neno "konechno". Mrusi akiulizwa kama mkahawa fulani ni mzuri, hulitumia kumaanisha ndiyo ya moyo mkunjufu. Likigeuzwa Kiingereza neno kwa neno, huashiria kwamba aliyeuliza ameuliza upuuzi. Sarufi haikukosewa hata kidogo, na ndiyo sababu msikilizaji hasemi kwamba mgeni hajui lugha. Husema kwamba mgeni hana adabu. Kosa la lugha husamehewa, la adabu huandikwa katika tabia ya mtu, na hatimaye katika tabia ya taifa lake.

Fasihi iliyopitia mlango wa kati

Turudi sasa katika fasihi. Katika hadithi fupi ya Chekhov kuhusu mnene na mwembamba, iliyochapishwa kwanza mwaka 1883, marafiki wawili waliosoma pamoja wanakutana katika kituo cha gari la moshi. Wanabusiana na kuitana "ty". Mwembamba anajisifu kwa cheo chake, cha ngazi ya nane. Kisha anasikia kwamba mwenzake amefikia ngazi ya tatu. Papo hapo anasawijika, anainama, "ty" inatoweka, cheo cha utukufu kinaingia, na maneno yake yanaanza kuishia kwa sauti "s", alama ya mtumishi mbele ya bwana, hata kicheko chake nacho kinaishia hivyo. Mnene anamsihi aache, lakini wapi. Tafsiri ya Kiingereza yaweza kuhifadhi cheo na kuinama. Haiwezi kuhifadhi kuporomoka kwa sarufi yenyewe, ambako ndiko kunakoonyesha kwamba Jedwali la Vyeo limekaa ndani ya kinywa cha mtu. Bila hilo hadithi inabaki kichekesho cha mnafiki mmoja, badala ya kuwa shtaka dhidi ya mfumo.

Pushkin, katika shairi la mwaka 1828, alijenga furaha yote ya mpenzi juu ya ulimi wa mwanamke ulioteleza kutoka "vy" hadi "ty". Tolstoy naye, katika Anna Karenina, anamfanya Vronsky aseme Kifaransa na Anna, kwa sababu "vy" ya Kirusi ingekuwa baridi mno baina yao na "ty" ingekuwa ya hatari. Mfasiri wa Kiingereza hulazimika kuyaeleza hayo kwa maneno mengi, na msomaji huyapokea kama maelezo badala ya kuyahisi kama tukio.

Mkaguzi Mkuu wa Serikali, tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya Gogol ya mwaka 1836, inatukumbusha kwamba mlango wa kati si wa lazima kwa upande wa zana. Khlestakov ni karani wa ngazi ya 14, ya chini kabisa, anayedhaniwa kuwa mkubwa. Mchezo mzima ni mchezo wa watu kusemeshwa kwa vyeo visivyo vyao. Kiswahili, ingawa hakina "vy", kina Mheshimiwa na Bwana, kina shikamoo inayotolewa na kupokelewa kwa mujibu wa hadhi, kina "we!" ya mkato inayochoma, na kina tofauti ya "nipe" na "unipe". Mfasiri anayeijua historia tuliyoieleza ana akiba ya kutosha ya kumshusha na kumpandisha mhusika ndani ya sentensi moja.

Hitimisho

Tumeona kwamba Kiingereza na Kirusi vilianza na kiwakilishi kimoja kwa mtu mmoja, vikapokea wingi wa heshima kutoka kwa majirani, kisha vikaachana. Kiingereza kiliufanya wingi kuwa wa wote, kikahamishia adabu kwenye swali na tahadhari. Kirusi kiliuhifadhi, na kwa kuwa kiliuhifadhi, ukawa kitu kinachoweza kunyimwa, kudaiwa na kupiganiwa. Kwa hiyo si sahihi kuuliza ni lugha ipi yenye adabu zaidi. Swali lifaalo ni kila lugha imeiweka wapi adabu yake, na nani aliyenyimwa.

Kwa mhakiki wa Afrika Mashariki funzo ni la kikazi. Kabla ya kuandika kwamba mhusika wa Kirusi ni mkali, mnyonge au mkavu, na ahakikishe kwamba hasomi tabia ya "you" ya Kiingereza. Pale inapowezekana idara zetu zihimize tafsiri zitokazo moja kwa moja katika Kirusi. Na pale isipowezekana, mwalimu aeleze darasani, angalau kwa dakika chache, nani anasemeshwa wewe na nani anasemeshwa ninyi. Wachimbaji wa Lena waliliona neno hilo kuwa linastahili kuandikwa katika orodha moja na mkate wao.